Pikipiki Mpya ya Chama: Tuliyoyaona Katika Kilomita 1,000 za Mwanzo



Tangu pikipiki mpya ilipofika katika ofisi yetu ya Fort Portal, maswali yamekuwa mengi. Wengine wametupongeza. Wengine wamenong'ona kwamba ada za wanachama zimegeuzwa kuwa starehe za viongozi. Mzee mmoja wa kiwanda cha chai alisimama mkutanoni akatuuliza mbele ya watu wote: "Hicho chombo ni cha nani, chetu au chenu?"

Swali hilo ni la haki, na wala halijibiwi kwa neno moja. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza pikipiki hii ni ya namna gani, inakwendaje, inakula kiasi gani, na imetufundisha nini katika kilomita 1,000 za mwanzo. Maelezo haya yatawafaa pia wale walio na nia ya kununua pikipiki zao wenyewe, na tunajua hao si wachache.

KWA NINI ILINUNULIWA

Pikipiki yetu ya zamani ilikuwa ya stroki mbili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Ilitumikia chama miaka mingi na hatuisemi vibaya. Lakini mwishoni ilikuwa ikizimika popote inapotaka, hasa kwenye mlima na hasa wakati wa mvua.

Mwaka jana mama mmoja, mchumaji chai na mwanachama wetu wa siku nyingi, alituhumiwa kuyamwagia majani maji ili mizani ipande. Akaitwa mbele ya uongozi wa shamba. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mwenendo wake, hana budi kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza. Tena mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu anayemchagua yeye mwenyewe. Mama huyo alituchagua sisi.

Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Tuliondoka saa kumi na mbili. Kwenye mlima wa pili pikipiki ikafa. Tulifungua plagi, tukaisafisha, tukasukuma, tukafungua tena. Tulifika saa sita kasoro, matope mpaka magotini. Mama alikuwa amekaa nje ya ofisi, dole gumba lake lina wino. Alikuwa ameshatia alama kwenye karatasi ambayo hakusomewa mpaka mwisho. Aliingia peke yake, akakaa mbele ya watu watano.

Tumeandika barua, tumekwenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya, na shauri bado linaendelea. Lakini mama huyo hajarudi kazini. Baada ya hapo halmashauri ya tawi ilikaa na kuamua kwamba akiba ya tawi itumike kununua pikipiki mpya. Hiyo ndiyo asili ya jambo hili.

PIKIPIKI YENYEWE

Ni Honda ya injini ya sentimita 150 za ujazo, stroki nne, silinda moja, inayopozwa kwa hewa. Ina gia tano. Gurudumu la mbele ni kubwa kuliko la nyuma, spoki ni za chuma, na shokomzoba ni ndefu. Kwa hiyo inapita juu ya mawe ambayo ile ya zamani ilikuwa ikiyagonga kwa tumbo. Breki ya mbele ni ya diski na ya nyuma ni ya dramu. Inawashwa kwa kubonyeza kitufe, na kiki pia ipo, siku betri ikichoka.

Huko Ulaya na Japani ziko pikipiki za safari ndefu zenye injini za sentimita 1,000 na zaidi, zenye masanduku ya mizigo na vioo vya kukinga upepo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2017, karibu kila pikipiki mpya yenye injini kubwa kuliko sentimita 125 ni lazima iwe na chombo cha kuzuia magurudumu yasikwame mtu anapofunga breki ghafla. Yetu si ya namna hiyo. Lakini kwa mtu aliyezoea kusukuma, hii ni pikipiki ya safari kubwa.

SAFARI YA KWANZA

Tuliichukua Kampala, tukaja nayo kwa barabara ya Mityana, Mubende, Kyegegwa na Kyenjojo, mwendo wa karibu kilomita 300. Tulikuwa wawili, tukipokezana.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni ukimya. Ile ya zamani ilikuwa ikipiga kelele hata watu wa kijiji cha pili wanajua chama kinakuja. Hii inanguruma chini chini, na ukisimama huna uhakika kama imewaka. Jambo la pili ni urefu wa kiti. Mmoja wetu ni mfupi, na kwenye taa za barabarani za Kampala mguu wake uligusa chini kwa vidole tu. Ilibidi ajifunze kusogea upande mmoja wa kiti kabla ya kusimama. Anayenunua pikipiki na akae juu yake kwanza, akanyage chini, asidanganywe na rangi.

Jambo la tatu ni hamu ya kwenda mbio. Lami ya baada ya Mityana ni nzuri, na mkono wenyewe unazungusha aksela bila kuulizwa. Lakini hatukuruhusiwa, na yafaa tueleze sababu.

Injini ikiwa mpya, pete za pistoni na ukuta wa silinda bado havijazoeana. Chuma cha pande zote mbili kina mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Vikisuguana polepole, mikwaruzo hulainika na pete hukaa mahali pake. Ukiikamua injini siku za mwanzo, joto hupanda kupita kiasi, pete haziketi sawasawa, na pikipiki itakula oili mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo katika kilomita 1,000 za mwanzo usifungue aksela yote, usiende kwa mwendo ule ule saa nzima, na usiilazimishe kupanda mlima kwa gia kubwa huku injini inatetemeka. Bandika mzigo mdogo, pumzika kila baada ya saa moja au chini yake.

Kwa sababu hiyo tulipumzika Mityana, tukapumzika Mubende, tukapumzika tena Kyegegwa. Mabasi yalitupita, hata boda boda zenye abiria wawili na mbuzi zilitupita. Tulifika Fort Portal saa moja jioni, migongo imekufa ganzi lakini injini nzima.

Kilomita 1,000 zilipotimia tulimwaga oili ya kwanza. Tuliipokea kwenye sahani nyeupe ili tuione, na ndani yake mlikuwa na chembe za chuma zikimetameta. Hizo ndizo zile mikwaruzo zilizolainika. Oili hiyo ikiachwa ndani, chembe hizo huendelea kula injini kama mchanga. Fundi atakayekuambia kwamba oili ya kwanza bado ni nzuri, ungoje kidogo, anakuokolea pesa ya leo na kukupotezea pesa ya kesho.

SIKU TULIPOANGUKA

Hatutaficha. Siku ya tisa tulianguka. Tulikuwa tunarudi kutoka mashamba ya upande wa Kyenjojo, mvua ikiwa imetoka kunyesha, na tulikuwa na haraka isiyo na sababu. Lori la majani mabichi likatokea kwenye kona. Mkono ukabana breki ya mbele kwa nguvu, gurudumu likiwa limekunjwa kwenye matope. Pikipiki ikalala upande, nasi tukalala pamoja nayo. Tulipata michubuko ya kiwiko, kioo kimoja kikavunjika, na kofia ikakwaruzika pale ambapo pangekuwa sikio.

Tulijifunza mambo mawili ambayo ile ya zamani haikutufundisha, kwa kuwa haikuwa na breki wala mwendo wa kutosha.

La kwanza ni hesabu ya mwendo. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja unapita mita 17 hivi. Tangu macho yaone lori mpaka mkono ubane breki, sekunde moja imekwisha, na mita 17 zimekwisha nayo. Kisha kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima, utahitaji mita 23 hivi nyingine. Jumla ni mita 40. Ukienda kilomita 30 kwa saa, jumla ni mita 14 hivi. Yaani mwendo ukiongezeka mara mbili, urefu wa kufunga breki peke yake huongezeka mara nne. Na kwenye tope, zidisha tena. Lori lilikuwa mbele yetu mita zisizofika 30. Hesabu ilikuwa imeshatuhukumu kabla hatujabana breki.

La pili ni kazi ya kila breki. Pikipiki ikipunguza mwendo, uzito wote huinamia mbele, ndiyo maana kwenye njia kavu iliyonyooka breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Wale wanaoiogopa na kutumia ya nyuma tu huenda mbali kabla ya kusimama. Lakini hubanwa polepole kisha kwa nguvu, tena gurudumu likiwa limenyooka. Kwenye tope au changarawe, au ukiwa umelala kwenye kona, gurudumu la mbele likikwama hulipati tena. Hapo punguza mwendo kabla ya kona, shusha gia uache injini iishike pikipiki, na uguse breki ya nyuma kwa upole.

Tangu siku hiyo, kwenye barabara za udongo za mashambani hatupiti kilomita 30 kwa saa wakati wa mvua. Kwenye mashimo tunasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, pikipiki ichezecheze chini yetu. Na macho yanatazama pale tunapotaka kwenda, hayatazami shimo. Ukilikodolea macho shimo, utaingia ndani yake. Jambo hili linaonekana la uchawi, lakini kila mwendeshaji atakuambia ni kweli.

KOFIA NGUMU

Kofia iliyokwaruzika tumeitundika ofisini ili kila anayeingia aione. Haitumiki tena, maana kofia ikishapigwa kwa nguvu mara moja, utando wake wa ndani hubonyea na hauwezi kukinga pigo la pili.

Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali walionyesha mwaka 2008 kwamba kofia hupunguza vifo vya wapandaji wanaopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini hiyo ni kofia iliyofungwa mkanda kidevuni. Ile inayoning'inia mkononi, au iliyobandikwa kichwani bila kufungwa kwa kumwogopa trafiki tu, hurukia upande wake na kichwa kikaenda upande mwingine.

Tunawaomba hasa kina mama wanaopanda boda boda alfajiri kwenda kuchuma: dai kofia ya abiria. Na msikubali kubebwa watatu. Breki zile zile na matairi yale yale ndiyo yanayobeba watu wanne pamoja na mwendeshaji.

INAKULA KIASI GANI

Ili kujua pikipiki yako inakula kiasi gani, usisikilize maneno ya muuzaji. Jaza tangi mpaka shingoni, andika namba ya kilomita. Endesha kazi zako za kawaida. Ukijaza tena mpaka pale pale, gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza.

Sisi tulijaza kwenye kilomita 412, tukajaza tena kwenye kilomita 678. Ziliingia lita 7. Kilomita 266 kwa lita 7 ni kilomita 38 kwa kila lita. Ile ya zamani haikuwahi kupita 25, na hapo hatujahesabu oili ya kuchanganya. Safari ya kwenda na kurudi kilomita 100 iliyokuwa ikila lita 4, sasa inakula chini ya lita 3.

Matunzo yake si mengi ila hayataki kusahauliwa. Mnyororo tunaupaka oili kila baada ya kilomita 500, na mapema zaidi mvua ikinyesha. Ukiuinua kwa kidole katikati, ucheze sentimita 2 hadi 3. Ukikazwa mno hukatika au hula meno, ukilegea mno hutoka. Hewa ya matairi tunaipima kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa bado baridi. Kila siku jioni matope huoshwa, maana tope likikauka kwenye mapezi ya injini, injini inayopozwa kwa hewa hukosa hewa.

UKITAKA KUNUNUA YAKO

Wanachama kadhaa wametuuliza kuhusu pikipiki za mkopo, ambazo unatoa kianzio kidogo kisha unalipa kila wiki. Hatusemi msikope. Tunasema pigeni hesabu kabla ya kutia sahihi.

Chukua mfano huu. Tuseme pikipiki kwa fedha taslimu ni shilingi 6,000,000. Mkopeshaji anataka kianzio cha shilingi 1,000,000, kisha shilingi 120,000 kila wiki kwa wiki 78. Mia na ishirini elfu inasikika ndogo. Zidisha: ni shilingi 9,360,000. Ongeza kianzio: ni shilingi 10,360,000. Umelipa zaidi ya shilingi 4,000,000 juu ya bei yake, na wiki moja ya ugonjwa inatosha kuichukua. Ulizeni: Kitabu cha pikipiki kina jina la nani? Nikichelewa wiki mbili itakuwaje? Ikinyang'anywa, nilichokwisha kulipa kinakwenda wapi? Mkataba usiojibu maswali hayo ni wa upande mmoja. Uleteni ofisini tuusome pamoja kabla ya kidole kugusa wino, si baada.

Kumbukeni pia kwamba bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria inailazimisha, humlipa yule uliyemgonga. Haikulipi wewe mwendeshaji, wala haitengenezi pikipiki yako.

UKIUMIA NJIANI KWENDA KAZINI

Hapa tunaomba msome mara mbili. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inahesabu ajali inayompata mfanyakazi akiwa anakwenda moja kwa moja kazini, au anarudi moja kwa moja kutoka kazini, kuwa ni ajali ya kazini. Haijalishi ulikuwa kwa miguu, kwa baiskeli au kwa boda boda. Lakini ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Ukipitia kilabuni kwanza, umejikata mwenyewe.

Kwa hiyo ajali ikitokea: andikeni saa na mahali, chukueni majina ya walioona, ripotini polisi, mwambieni mwajiri mapema, kisha mtume habari kwa mwakilishi wenu. Nyapara akisema "hiyo ni ajali ya barabarani, haituhusu", msikubali kwa maneno yake tu.

CHOMBO NI CHA NANI

Sasa tunarudi kwa mzee wetu. Kitabu cha pikipiki kina jina la chama. Ofisini kuna daftari la safari: tarehe, kilomita za kuondoka na kurudi, shamba tulilokwenda, shauri gani, petroli lita ngapi. Kioo kilichovunjika siku ile tulikilipa sisi wenyewe, kwa kuwa haraka ilikuwa yetu. Siku ya Jumapili pikipiki hukaa ndani, isipokuwa kuna msiba wa mwanachama au ajali. Daftari liko wazi kwa kila mwenye kadi, na litasomwa katika kila mkutano wa mwezi.

Wiki tatu zilizopita kijana wa kunyunyiza dawa aliitwa kujieleza, saa tatu asubuhi, katika shamba lililo mbali kuliko lile la mwanzo. Tulifika saa mbili na robo. Tulikaa naye chini ya mti tukasoma barua ya tuhuma pamoja, mstari kwa mstari, kisha tukaingia naye. Ilidaiwa amekataa kazi. Ilipoulizwa kama alipewa glavu na buti, ikaonekana hakupewa. Alitoka na onyo la maandishi badala ya kufukuzwa, na onyo hilo tumelipinga.

Tuliporudi tulipita kwa yule mama. Siku hizi analima kwenye shamba la watu kwa kibarua. Alitusalimu kwa empaako kama zamani, akaizunguka pikipiki mara moja, akaigusa tangi kwa kiganja. Akasema, "Ni nzuri. Ingekuja mwaka jana." Hatukuwa na la kumjibu. Shauri lake litatajwa tena mwezi ujao, nasi tutakuwa hapo kabla ya mlango kufunguliwa.